Anayefukua nyasi zako si hatari kama sumu utakayomwekea

WAKAZI wa Karen, Langata na vitongoji vingine vya Nairobi vinavyopakana na mbuga na misitu wameizoea hali hii. Mtu hulala akiwa na uwanja wa nyasi uliokatwa vizuri mbele ya nyumba, na akiamka asubuhi hupata umelimwa kana kwamba kuna aliyepitisha plau usiku. Kwingineko, kama vile Kiambu na Limuru, mwenye nyumba hupata vichuguu vya udongo mwekundu vimechomoza hapa na pale, na waridi alilolipanda limenyauka kwa sababu mizizi yake imeliwa kutoka chini.

Hasira huwa kubwa, na si ajabu. Nyasi hugharimu pesa, maji na jasho. Lakini mara nyingi madhara makubwa hayatokani na shimo lenyewe, bali na lile linalofanywa baada ya shimo kuonekana. Mwenye nyumba humtuma mtu dukani akanunue "dawa". Dawa hiyo huchanganywa na unga au vipande vya nyama, ikatiwa shimoni, na watu wakaendelea na shughuli zao. Siku mbili baadaye aliyekufa si mchimbaji bali ni mbwa wa nyumbani au paka wa jirani. Na pale bahati inapokuwa mbaya kabisa, anayekimbizwa hospitalini ni mtoto.

Ndiyo sababu suala la mashimo uani ni suala la afya kabla halijawa suala la bustani. Mnyama anayefukua nyasi anaweza kuzuiwa bila kuhatarisha maisha ya mtu yeyote, almradi mwenye nyumba ajue ni mnyama gani, anafuata nini, na ni mambo gani hapaswi kuyafanya hata akiwa amekasirika kiasi gani.

Kwa nini wanakuja hadi mlangoni

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1946, wakati jiji lilikuwa dogo. Ina ukubwa wa takriban kilomita 117 za mraba. Upande wa jiji ina ua, lakini upande wa kusini iliachwa wazi ili wanyama waweze kwenda na kurudi katika nyanda za Kajiado. Leo nyanda hizo zimejaa nyumba, ploti na nyua. Ndani ya jiji lenyewe kuna misitu ya Karura na Ngong, ambako nguruwe mwitu, nungunungu, fungo na nyegere wangali wanaishi. Kwa maneno mengine, si wanyama pekee waliotujia, sisi pia tuliwafuata.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Januari na Machi na tena kuanzia Julai, ardhi ya mbugani hukauka ikawa ngumu kama saruji. Wakati huo huo uwanja wako wa nyasi unamwagiwa maji kila jioni. Udongo wake ni laini, nyungunyungu wako karibu na uso wa ardhi, na mizizi imejaa maji. Kwa mnyama mwenye njaa, hiyo ni meza iliyokwisha kuandaliwa.

Nyasi yenyewe pia huwavutia. Ile inayopandwa na wengi katika nyanda za juu hujulikana duniani kote kama nyasi ya Kikuyu, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyasi hiyo hutambaa kwa mashina manene yanayopita chini ya udongo, na ngiri huyapenda mashina hayo kama mtu apendavyo muwa. Isitoshe, chini ya nyasi hukaa mabuu ya mbawakawa, yale meupe, manene, yaliyojikunja kama herufi C. Nguchiro, nyegere na nguruwe mwitu huyanusa na kuyafukua.

Mjue mchimbaji kwa shimo lake

Kabla ya kufanya lolote, toka nje asubuhi ukachunguze. Kila mnyama ana namna yake ya kuchimba, na dawa ya mmoja haiwezi kuwa dawa ya mwingine.

Ngiri hufanya kazi mchana. Hupiga magoti ya miguu ya mbele na kulima nyasi kwa pua na pembe zake, akiacha mabaka mapana yasiyo na kina kirefu. Akionekana uani saa nne asubuhi pamoja na watoto wake, hakuna la ajabu.

Nguruwe mwitu hutembea usiku na huharibu zaidi. Huacha mifereji mirefu, mapande ya nyasi yakiwa yamepinduliwa juu chini. Mara nyingi huja kwa kundi, na usiku mmoja unatosha kuumaliza uwanja mzima.

Nungunungu naye ni wa usiku. Hatafuti wadudu bali viazi, mizizi na vitunguu vya maua. Shimo lake ni jembamba na lenye kina, na huwa pale hasa ulipopanda ua fulani. Tazama pia magome ya miti yaliyotafunwa karibu na ardhi, na miiba yenye mistari myeusi na myeupe iliyoanguka njiani.

Nguchiro huacha vishimo vingi vidogo kama vikombe vya kahawa, vilivyotawanyika kote uani. Wapo aina za mchana wanaotembea kwa vikundi, na wapo wa usiku wanaotembea peke yao. Nyegere huchimba mashimo machache lakini yenye kina, huku alama za kucha ndefu zikionekana wazi ukingoni.

Fuko, ambaye Wakikuyu humwita huko, haonekani kabisa. Unachoona ni vichuguu vya udongo uliosukumwa kutoka chini, bila mlango ulio wazi. Huchimba kwa meno yake ya mbele, huishi peke yake, na hula mizizi akiwa chini kwa chini.

Muhanga si mgeni wa kawaida mjini, lakini wanaoishi pembezoni mwa nyanda za Kajiado, Naivasha au Nanyuki huweza kupata shimo kubwa linaloweza kumeza mtu hadi kiunoni. Yeye hufuata mchwa na siafu. Ngiri hupenda kuyarithi mashimo yake na kuyafanya makao.

Mwisho, usimsahau mbwa. Mashimo mengi yanayosingiziwa wanyama wa porini huchimbwa na mbwa wa nyumbani au wa jirani. Na ikiwa vishimo ni vidogo sana, vyembamba kama kidole, huenda aliyevitoboa ni kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda ambaye kelele zake huwaamsha watu alfajiri. Huyo mwache. Anakulia mabuu bila malipo na vishimo vyake huingiza hewa kwenye udongo.

Sumu haichagui

Sasa tuje kwa jambo lenye uzito zaidi. Sumu nyingi zinazotumiwa kuua wanyama nchini hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni dawa za kuua wadudu shambani au dawa za panya, ambazo mtu huzitumia kwa kukisia. Mfano unaojulikana sana ni kabofurani, dawa ya wadudu ya rangi ya zambarau iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa bei nafuu. Mwaka wa 2009 mtengenezaji wake aliiondoa katika soko la Kenya baada ya kuhusishwa na vifo vya simba waliotegewa mizoga yenye sumu. Ikiwa sumu inaweza kumwangusha simba, itamfanya nini mtoto wa miaka miwili?

Dawa za jamii hiyo, pamoja na nyingine nyingi za kunyunyizia mimea, huvuruga mishipa ya fahamu. Mtu aliyezimeza, au aliyezishika kwa mikono mitupu kwa muda, hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, na kifua kikajaa maji hata akashindwa kupumua. Haya yanaweza kutokea katika muda wa dakika chache hadi saa chache.

Dawa nyingi za panya hufanya kazi kwa njia tofauti: huzuia damu kuganda. Hatari yake ni kwamba dalili hazitokei siku hiyo. Mtoto aliyeokota tembe za rangi uani anaweza kucheza kama kawaida kwa siku mbili au tatu, kisha akaanza kutokwa na damu puani na kwenye ufizi. Kufikia hapo mzazi amekwisha kusahau kwamba kulikuwa na dawa.

Hatari kuliko zote ni vidonge vya kufukizia nafaka ghalani, ambavyo baadhi ya watu huvitumbukiza katika mashimo ya fuko. Vidonge hivyo vinapokutana na unyevu wa udongo hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo haina dawa maalumu ya kuivunja nguvu. Njia za fuko zinaweza kwenda mita nyingi chini ya ardhi, na hakuna ajuaye zinatokea wapi. Zikipita chini ya chumba cha mfanyakazi, au chini ya nyumba yenye sakafu iliyopasuka, gesi huingia ndani watu wakiwa wamelala. Vidonge hivi havifai kutumiwa karibu na nyumba ya kuishi kwa vyovyote vile.

Hata mnyama aliyekusudiwa akifa, kazi haijaisha. Atafia kichakani au shimoni. Mbwa atamla. Tai, mwewe na bundi watamla. Bundi ndiye anayekupunguzia panya, hivyo anayeua bundi amejiongezea panya. Sumu nyingine hubaki udongoni, na mvua ikinyesha huteremka kisimani au kwenye shamba la sukuma wiki lililo nyuma ya nyumba.

Petroli, asidi ya betri na moshi wa gari, ambavyo pia hutumiwa na wengine, ni hatari vilevile. Petroli iliyomiminwa shimoni hulipuka, huchoma uso na mikono ya aliyeiwasha, na huharibu udongo kwa muda mrefu.

Ikiwa mtu amemeza au amegusa sumu, usimlazimishe kutapika na usimnyweshe maziwa kwa imani kwamba yataizima. Mwondoe mahali pa hatari, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize hospitalini mara moja. Jambo moja linaloweza kuokoa maisha ni kubeba chupa au pakiti ya dawa aliyoitumia, ili daktari ajue anapambana na nini.

Akikuuma au kukuchoma

Mnyama wa porini akipewa nafasi hukimbia. Wengi wa wanaojeruhiwa ni wale wanaomzingira. Ngiri aliyebanwa kwenye kona hutumia pembe zake za chini, ambazo ni kali kama kisu. Nungunungu harushi miiba kama mishale, kama wengi wanavyoamini. Anachofanya ni kugeuka na kurudi nyuma kwa kasi, akamchoma adui yake. Nyegere haogopi mtu, na fuko, mdogo alivyo, akishikwa hung'ata hadi mfupani.

Kidonda kinachotokana na mwiba au pembe huenda kikaonekana kidogo kwa nje, lakini huingiza udongo ndani ya nyama. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Kwa hiyo, baada ya kuosha, nenda zahanati ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa hukumbuki ulichanjwa lini.

Kichaa cha mbwa ndicho cha kuogopwa zaidi. Nchini Kenya ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa, na haujawahi kuondoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba karibu visa vyote, asilimia 99, hutokana na mbwa. Lakini mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuupata. Kule Afrika Kusini, nguchiro wa manjano anajulikana kuvihifadhi virusi hivi porini. Mbwa wako akipigana na nguchiro au nyegere mgonjwa usiku, ugonjwa umepata daraja la kuingilia nyumbani.

Jihadhari na mnyama wa usiku anayetembea mchana akiyumba, asiyeogopa watu, anayetokwa na mate au anayeuma chochote kilicho mbele yake. Usimkaribie, usimpige, waingize watoto na mbwa ndani, kisha uite wahusika.

Ukiumwa, ukikwaruzwa, au mate ya mnyama yakiingia kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Tumia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukaanzishiwe chanjo. Hudungwa mara kadhaa kwa muda wa wiki kadhaa, na katika majeraha makubwa daktari huongeza dawa nyingine kuzunguka kidonda. Usiikatize kwa sababu unajisikia vizuri. Dalili huchukua wiki au miezi kutokea, na zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kumchanja mbwa na paka wako kila mwaka. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na mpango huo unategemea kuchanjwa kwa angalau mbwa saba kati ya kila kumi. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Mara kwa mara huandaa siku za chanjo.

Kupe na nyoka

Wanyama wa porini huacha kupe nyasini. Baadhi ya kupe hao hueneza homa ambayo huja na maumivu ya kichwa na mwili, na aghalabu kidonda kidogo chenye gamba jeusi mahali walipouma. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria, mgonjwa huweza kumeza dawa zisizomsaidia. Mwambie daktari kwamba umekuwa ukifanya kazi katika nyasi zinazotembelewa na wanyama. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kuua bakteria ukigunduliwa mapema. Kupe aliyekung'ang'ania mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, umvute polepole bila kumpinda. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti.

Mashimo yaliyoachwa wazi nayo hupata wapangaji wapya. Panya huingia, na nyoka humfuata panya. Moma, ambaye wengine humwita bafe, hulala tu hata ukimkaribia, na wengi wa wanaoumwa ni wale waliomkanyaga. Kwa hiyo usitie mkono shimoni kamwe. Vaa gambuti unapofanya kazi hapo, na tembea na tochi usiku. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembezwe, kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao kisisogee, na apelekwe hospitalini. Kuchanja kwa wembe, kufunga kamba ya kubana na kuweka jiwe jeusi ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Nyama ya bure si ya bure

Wapo wanaoona ngiri au nguruwe mwitu aliyekufa kama kitoweo. Huo ni mchezo wa hatari. Kwanza huenda aliuawa kwa sumu. Pili, nguruwe wa porini huweza kuwa na minyoo midogo iitwayo trikinela, ambayo hujificha ndani ya misuli. Mapema katika miaka ya 1960 madaktari nchini Kenya waliripoti watu walioambukizwa baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu. Mgonjwa huumwa na tumbo, kisha uso huvimba kuzunguka macho, misuli ikauma na homa ikapanda.

Wanaofuga nguruwe viungani mwa miji wana sababu ya ziada ya kuwa macho. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu hapa Kenya, mwaka wa 1921. Ngiri huibeba bila kuugua, na papasi wanaoishi katika mashimo yake huisambaza. Haiwashiki binadamu, lakini ikiingia zizini huweza kumaliza nguruwe wote, na haina tiba. Mfugaji ahakikishe nguruwe wake hawakutani na ngiri wala kula mabaki ya nyama ya porini.

Njia zilizo salama

Anza kwa kuondoa chakula. Funga mapipa ya taka kwa vifuniko vizito. Okota matunda yaliyoanguka chini ya maparachichi na mapera kila jioni. Usiache chakula cha mbwa nje usiku. Nyumba nyingi hupata nafuu kubwa kwa hatua hii pekee.

Pili, chunguza mabuu. Kata kipande cha nyasi chenye upana wa futi moja kila upande, ukiinue na kuhesabu mabuu yaliyo chini. Ukipata moja au mawili, hakuna shida. Ukipata mengi, jua ndiyo yanayowaita wageni. Yaokote kwa mkono uliovaa glavu uwape kuku, na uwaachie kwarara kazi iliyobaki. Vilevile badilisha namna ya kumwagilia: mwagilia maji mengi mara chache badala ya kidogo kidogo kila jioni, na ufanye hivyo asubuhi ili udongo wa juu uwe umekauka usiku unapoingia.

Tatu, jenga ua unaofaa. Ngiri, nungunungu na nguruwe mwitu hawaruki ua. Hupita chini yake. Waya wenye matundu madogo ufukiwe ardhini kiasi cha sentimita 30 hadi 50, na sehemu ya chini ikunjwe kuelekea nje. Mnyama akichimba hugonga waya na kukata tamaa. Kagua milango pia, kwa kuwa ua mzuri wenye lango lililoinuka juu ya ardhi ni kazi bure.

Ua wa umeme unaweza kusaidia ukiwa na nyaya za chini, lakini uwekwe na fundi anayeijua kazi hiyo, kwa mashine maalumu inayotoa umeme wa kushtua kwa vipindi vifupi. Kuunganisha waya wa ua moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 240 ni kutega mtego wa kuua watu, na wa kwanza kuushika huenda akawa mtoto anayefuata mpira.

Nne, linda mimea yenyewe. Maua ya vitunguu yapandwe ndani ya vikapu vya waya vilivyofukiwa. Kwa fuko, njia iliyo bora bado ni ile ya mafundi wa mashambani wanaomtega kwa waya na fimbo inayofyatuka. Tafuta fundi kama huyo ukubaliane naye malipo kwa kila fuko. Wapo pia wanaopanda mmea wa tefrosia pembezoni mwa shamba. Huo una sumu iuayo samaki, kwa hiyo usiupande karibu na bwawa.

Tano, ziba mashimo, lakini si kabla ya kuhakikisha hayana mtu. Weka majani makavu mdomoni mwa shimo jioni. Yasipoguswa kwa usiku mbili au tatu, jaza mawe kwanza kisha udongo, ukishindilia vizuri.

Mnyama akiwa bado uani, fungua lango wazi, funga mbwa, ingiza watoto ndani, kisha umwachie njia ya kutokea. Mara nyingi ataondoka mwenyewe. Akikataa, au akiwa ameumia, piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) katika kituo kilicho karibu nawe. Kumbuka kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikuruhusu kuwaua wanyama hawa wala kuwategea nyaya kwa sababu tu wameharibu bustani. Mtego wa waya haujui tofauti kati ya shingo ya ngiri na mguu wa mtoto wako.

Ongea pia na jirani. Ukijenga ua wako vizuri huku yeye akitega sumu upande wa pili, mbwa wako yuko hatarini vilevile. Na umwelekeze mfanyakazi wa bustani, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika udongo, mashimo na mizoga kila siku. Mpe glavu na gambuti, na umwambie waziwazi kwamba hutaki sumu uani mwako hata ikiwa kwa nia njema.

Nyasi ya Kikuyu ikirudishiwa udongo na kumwagiwa maji hufunga pengo lake kwa wiki chache tu. Ngiri hata akirudi mara tatu, nyasi zitaota mara tatu. Kilichoingia tumboni mwa mtoto hakingoji wiki chache.